Fidla ya Gidon Kremer ndani ya tango la Piazzolla

Mwaka 1996 Gidon Kremer, mpiga fidla mzaliwa wa Riga, alitoa albamu ya kumuenzi Astor Piazzolla, mtunzi wa tango Mwargentina aliyefariki mwaka 1992. Kremer ni mwanafunzi wa David Oistrakh wa Moscow, mtu wa Bach na Schubert. Aliingiaje kwenye tango asisikike kama mgeni anayeiga lafudhi ya wenyeji?

Nadhani siri yake ni namna anavyochelewa. Piazzolla hupenda kugawa mapigo madogo manane katika mafungu ya tatu, tatu na mbili, mkazo ukiangukia pigo la kwanza, la nne na la saba. Besi na piano hazitoki hapo. Juu yake fidla inaweza kujivuta, ikakimbia, ilimradi mwishoni wote wakutane. Uhuru huo wenyeji wa Buenos Aires huuita fraseo, na karatasi ya nota haiuonyeshi. Fernando Suárez Paz, aliyepiga na Piazzolla mwenyewe, alijivuta kwa raha, sauti imejaa. Kremer hujivuta kwa wasiwasi. Katika “Oblivion” ya Piazzolla sauti yake ni nyembamba, inakaribia kukatika, na huzuni ya wimbo inakuwa ya mtu aliye peke yake kabisa.

Halafu kuna kelele. Kwa kawaida bendi ya tango haina ngoma, hivyo nyuzi ndizo hubeba kazi hiyo. Upinde husuguliwa upande wa pili wa kile kibao kinachonyanyua nyuzi, ukatoa mkwaruzo wa nyenje. Au kidole huteleza juu ghafla, sauti ikapasua kama mjeledi. Kremer haulainishi ukali huu, nami namsifu kwa hilo.

Baadaye, katika albamu ya Eight Seasons ya mwaka 2000, alipiga misimu minne ya Buenos Aires ya Piazzolla kwa mpangilio wa Leonid Desyatnikov, uliochomeka vipande vya Misimu Minne ya Vivaldi wa Venice. Kiangazi cha Piazzolla kimewekewa majira ya baridi ya Vivaldi, maana Venice ikipigwa na baridi, Buenos Aires ina joto. Ni werevu unaofurahisha. Lakini bandoneoni, kinanda cha mkono cha tango, imeondolewa, na pamoja nayo ile pumzi ya viriba vinavyofunguka na kufungwa. Kremer anajaribu kuirudisha kwa upinde, akikaza na kulegeza ndani ya nota moja. Kwenye sehemu za polepole anaifikia. Kwenye zile za kasi, pengo la bandoneoni bado linasikika.