Mtihani wa wakubwa hufichua vipawa vya wadogo

MTOTO akipata alama zote katika mtihani wa darasa lake, mzazi hushangilia na mwalimu humpongeza. Ni nadra mtu kuuliza: je, lau maswali yangeendelea kuwa magumu, mtoto huyu angefika wapi?

Swali hilo ndilo msingi wa utaratibu wa kuwapima watoto wenye vipawa kwa mitihani iliyotungiwa wanafunzi waliowazidi umri.

Mtihani wa darasa hutungwa ili kumpima mwanafunzi wa kawaida. Ni sawa na kupima nafaka kwa kibaba: mwenye kibaba kimoja na mwenye pishi nzima wote watakijaza, na kinachofurika hakihesabiwi. Kati ya watoto wawili waliopata alama 98 kwa 100, huenda mmoja amefikia upeo wake, ilhali mwenziwe angali mbali na wake.

Mwanasaikolojia Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, jijini Baltimore, Marekani, alilishuhudia hilo mwaka wa 1969. Alimpa mvulana wa miaka 13 mtihani wa SAT, ambao hufanywa na wanafunzi wa shule za upili wanaotaka kujiunga na vyuo vikuu. Mvulana huyo alifaulu vyema hivi kwamba alisajiliwa chuoni humo mwaka uo huo. Alipofika miaka 17 alikuwa na shahada mbili.

Stanley alianzisha mradi wa kuchunguza vijana hodari wa hisabati mwaka wa 1971, na msako wa kwanza wa vipawa ukafanywa Machi 1972. Wanafunzi waliokuwa wakiongoza madarasani mwao waliukalia mtihani huo, na pengo lililokuwa limefichika baina yao likadhihirika.

Mbinu hiyo ilienea hata kwa watoto wadogo. Kituo cha vijana wenye vipawa cha chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka wa 1979, kimewapima watoto wa darasa la pili na la tatu kwa maswali ya darasa la nne na la tano. Naye Terence Tao wa Australia alipata alama 760 kwa 800 katika hisabati ya SAT akiwa na umri wa miaka minane tu. Mwaka wa 2006 alitunukiwa nishani ya Fields, tuzo kuu ya wanahisabati.

Hata hivyo, mtihani huu si wa kujigamba. Mtoto anayepata nusu ya alama katika mtihani wa wakubwa hajaanguka. Amemwonyesha mwalimu mahali pa kuanzia. Aidha, matokeo yasiyofuatwa na mafunzo yanayomfaa mtoto hayana faida.

Hapa Kenya, mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na mtaala wa umilisi unakusudia kukuza kipawa cha kila mtoto. Lakini mtoto anayemaliza hesabu zake mapema, kisha akawasumbua wenziwe, bado huitwa mtundu na kuadhibiwa. Kabla ya kumwadhibu, mwalimu na ampe kwanza maswali ya darasa linalofuata. Huenda tatizo si utundu, bali ni kibaba kidogo.