Tetekuwanga: Muulize Mwuza Dawa Kabla ya Kununua Dawa

Tetekuwanga ni ugonjwa unaojulikana katika kila kijiji cha Walungu. Kwa kuwa watoto wengi hupona bila dawa kali, wengi wetu twaudharau. Mama akiona malengelenge kifuani pa mtoto, hutuma watu dukani kununua vidonge vyo vyote, na shauri limekwisha. Desturi hiyo yafaa ibadilike.

Tetekuwanga huletwa na kirusi. Huenea kwa hewa, na kwa kugusa maji ya malengelenge. Aliyeambukizwa huanza kuugua baada ya siku 10 hadi 21. Naye huambukiza wengine tangu siku 1 au 2 kabla upele haujatokea, mpaka malengelenge yote yakauke na kuwa vigaga. Ndiyo maana katika nyumba ambamo watoto hulala pamoja kwa ajili ya baridi ya milima yetu, akiugua mmoja, wenzake humfuata.

Lakini si kila lengelenge ni tetekuwanga. Mwezi wa Septemba 2023 ugonjwa wa mpox, ndugu wa ndui, ulizuka Kamituga, katika wilaya jirani ya Mwenga. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa hatari kwa mataifa yote. Tangazo hilo liliondolewa Septemba 2025, lakini ugonjwa haukuondoka nalo.

Katika tetekuwanga, mahali pamoja utaona kipele kipya, lengelenge la maji na kigaga. Upele hujaa kifuani na mgongoni, na huwasha sana. Mpox mara nyingi huja na homa na uvimbe wa tezi za shingo, kwapa au kinena, na vipele huweza kutoka viganjani, katika nyayo na sehemu za siri. Walakini alama hizi huchanganyika, na mtu mmoja aweza kupatwa na yote mawili. Hata wenye elimu wamedanganyika: mwaka 1977, huko Merca, Somalia, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alidhaniwa ana tetekuwanga; kumbe alikuwa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya asili. Kwa hiyo ukiwa na shaka, mpeleke mgonjwa kituo cha afya apimwe.

Mwuza dawa aliyesomea kazi yake ni msaidizi mwema. Mweleze umri na uzito wa mtoto, homa ilianza lini, na upele umetoka wapi. Kwa tetekuwanga nyepesi atakupa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wa mtoto, na losheni ya kalamini ya kutuliza mwasho. Aspirini mtoto asipewe kamwe, maana yaweza kudhuru ubongo na ini, hata kuua. Ibuprofeni nayo iachwe. Antibiotiki haziui kirusi. Hufaa tu ngozi ikiingiwa na usaha, kwa amri ya mganga. Ukipewa vidonge visivyo na jina, vikataliwe.

Nyumbani, mwogeshe mtoto kwa maji safi ya vuguvugu, mkate kucha, mnyweshe mara kwa mara, wala usimtumbue malengelenge. Lakini akipumua kwa shida, akitapika kila mara, akipatwa na degedege, akilegea au kusinzia kupita kiasi, au homa ikizidi siku 4, usirudi dukani: mkimbize hospitali. Vivyo hivyo wasingojee mtoto mchanga, mama mjamzito ambaye hajapata kuugua, wala mtoto mwenye utapiamlo.

Chanjo ya tetekuwanga ilitengenezwa Japani na Michiaki Takahashi mwaka 1974, ila haimo katika chanjo za kawaida za watoto wa nchi yetu. Basi kinga yetu ni kumtenga mgonjwa: alale peke yake, asiende shule, wala soko la Mugogo, wala Misa ya Dominika, mpaka vipele vyote vikauke. Mgonjwa akikosa Misa hana kosa. Na mzazi amzuiaye mwanawe nyumbani awakinga watoto wa jirani. Huo nao ni upendo wa Kikristo.