“Magistrat” si Hakimu

Mwaka wangu wa kwanza wa kutafsiri nyaraka za kisheria, nililetewa barua iliyotoka Bukavu, Kongo. Aliyeiandika alijitambulisha kuwa ni “magistrat”. Nikaandika “hakimu”, nikagonga muhuri, nikashika kazi nyingine. Baada ya siku chache wakili akanipigia simu: inakuwaje mtu huyohuyo achunguze kesi, amfungulie mwenzake mashtaka, kisha awe hakimu? Hakuwa hakimu. Alikuwa mwendesha mashtaka.

Katika nchi zilizorithi sheria za Ufaransa au Ubelgiji, “magistrat” ni jina la watu wa aina mbili. Wapo wa “siège”, wanaokaa na kuhukumu. Wapo pia wa “parquet”, wanaoshtaki kwa niaba ya dola. Hao husimama wanapozungumza mahakamani, na Wafaransa huwaita kabisa “magistrature debout”, yaani waliosimama. Nchini Ufaransa wote hupitia chuo kimoja kilichopo Bordeaux, na mtu anaweza kuhama upande mmoja kwenda mwingine. “Magistrate” wa Kiingereza ni yule wa mahakama ya chini tu. Kiswahili cha mahakama za Tanzania na Kenya kilikulia ndani ya mfumo huo wa Kiingereza, ndiyo maana tunamtenga hakimu na jaji. Kwa hiyo anayejifunza Kifaransa cha sheria akitokea kwetu huingia na miwani ya Mwingereza bila kujua kwamba ameivaa.

Mfanano huu wa maneno una historia. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa karne kadhaa mawakili wa huko walitetea kesi kwa Kifaransa. Sheria ya mwaka 1362 iliagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza, lakini maneno yalikuwa yameshaota mizizi: “plaintiff”, “attorney”, “verdict”, “bailiff”. “Mortgage” ni Kifaransa cha kale chenye maana ya dhamana iliyokufa. Ukimtajia neno hilo Mfaransa wa leo hatalitambua, kwa kuwa yeye husema “hypothèque”, aliyoipata kwa Wagiriki kupitia Kilatini. Sisi tulichukua “rehani” kutoka kwa Waarabu.

Maneno yaliyobaki yakifanana ndiyo yanayonitia hofu zaidi. “Crime” kwa Mwingereza ni kosa lolote la jinai. Sheria ya Ufaransa hugawa makosa katika ngazi tatu: “contravention” ni dogo, “délit” ni la kati, na “crime” ni zito kabisa, kama mauaji ya kukusudia. Wizi wa kawaida ni “délit”, na adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 3 na faini ya euro 45,000. Ukimwandikia mwizi wa simu kwamba ametenda “crime”, umemweka ngazi moja na muuaji. “Jurisprudence” kwa Mfaransa ni maamuzi ya mahakama yaliyotangulia, ambayo Mwingereza huyaita “case law”. Kwa Mwingereza “jurisprudence” ni falsafa ya sheria. “Arrêt” ya mahakama ya juu ni hukumu, si kumkamata mtu. Na “droit commun” ni sheria ya kawaida inayotumika pasipokuwa na sheria maalumu. Anayeifasiri kuwa “common law” amempeleka msomaji London wakati mwandishi yuko Paris.

Wanafunzi wangu wengi huanza kwa kukariri orodha, neno kwa neno. Mimi huwaomba wachore safu tatu katika daftari: neno la Kifaransa, kazi yake, kisha neno la Kiingereza. Safu ya katikati ijazwe kwanza, kwa Kiswahili. Nani hulitumia neno hili, katika mahakama ipi, na likishaandikwa nini hutokea? Gérard Cornu aliongoza kamusi nzuri, “Vocabulaire juridique”, na ninaipenda kwa sababu inaeleza maana ya Kifaransa kwa Kifaransa, bila kukimbilia lugha nyingine.

Safu ya tatu ikikosa neno, iachwe wazi. Kwangu, mbele ya “juge d'instruction”, safu hiyo bado ni tupu. Mahakama za Kiingereza hazina jaji anayekusanya ushahidi wa kumtia mtu hatiani na wa kumwokoa, kisha akawaachia wengine kazi ya kuhukumu. Katika tafsiri ninaliacha neno lenyewe la Kifaransa, na pembeni ninaeleza kazi yake kwa sentensi mbili.