Neno "Bado" na Matata Yake Katika Kiingereza



Katika lugha yetu neno "bado" ni mtumishi mmoja afanyaye kazi za watu wawili. Twasema, "Mahindi bado mabichi," na tena twasema, "Mbegu hazijafika bado." Sentensi ya kwanza yaeleza hali inayoendelea. Ya pili yaeleza jambo linalongojwa ambalo halijatokea. Sisi hatutatizwi, maana maneno mengine ya sentensi hutuonyesha njia. Lakini Mwingereza ana maneno mawili mbali mbali: "still" kwa hali inayoendelea, na "yet" kwa jambo linalongojwa.

Pengine utauliza, mkulima ana haja gani na mambo haya ya darasani? Haja ipo. Maelezo ya dawa za mimea na mifugo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Wanunuzi wengi wa hoteli huagiza mboga, maembe na madafu kwa lugha hiyo hiyo. Barua na fomu za ofisi nyingi ni hivyo hivyo. Neno moja likikaa mahali pasipo pake, habari hugeuka, na hasara humfikia mwenye shamba.

Tutazame mfano ulio mbele ya macho ya kila mtu wa Likoni. Pale Shelly Beach bahari hujaa na kupwa kila siku, na kutoka kujaa hata kujaa tena ni muda wa saa 12 na dakika 25 hivi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana na mwamba huonekana. Basi mtu anayetaka kwenda mwambani kutafuta pweza huuliza habari za maji, naye aweza kupewa mojawapo ya majibu haya matatu:

1. Maji bado yako juu. Kwa Kiingereza: "The tide is still high."

2. Maji hayajapwa bado. "The tide has not gone out yet."

3. Maji yamekwisha kupwa. "The tide has already gone out."

Angalia vizuri jibu la kwanza na la pili. Yote mawili yamwambia mtu angoje. Lakini la kwanza latazama hali iliyopo, yaani maji yako juu; la pili latazama jambo linalongojwa, yaani kupwa. Ukishika tofauti hiyo, umeshika somo zima.

Sasa yafuata matumizi ya "yet":

(a) "Yet" hupenda kufuatana na kukana. Uonapo "-ja-" ya kukana katika Kiswahili, kama vile sijapanda, hajalipa, hazijaota, jua kwamba mara nyingi "not" na "yet" zinahitajiwa. Mfano: "We have not planted yet," yaani hatujapanda bado.

(b) Mahali pake pa kawaida ni mwisho wa sentensi. Waweza pia kuliweka mara tu baada ya "not": "We have not yet planted." Usiseme "We yet have not planted."

(c) Katika swali, "yet" ni sawa na "au bado?" Mfano: "Have you planted yet?" Umekwisha panda, au bado? Wamarekani wengi husema, "Did you plant yet?" Shule zetu za Kenya hufuata desturi ya Uingereza, basi tumia ile ya kwanza.

(d) Kujibu "Bado" kwa neno moja, Mwingereza husema "Not yet." Usijibu "Still," wala usijibu "Yet" peke yake.

(e) Ukiona "yet" mwanzo wa sentensi, huenda maana yake ni "hata hivyo." Mfano: "It rained. Yet the maize dried up." Mvua ilinyesha, hata hivyo mahindi yalikauka.

(f) Jihadhari na barua isemayo, "We are yet to receive your form." Haina "not" hata moja, lakini maana yake ni kukana: fomu yako haijafika. Usikae kitako ukidhani imepokelewa.

Liko jambo jingine lenye hatari kuliko hayo yote, nalo ni kujibu swali la kukana. Mtu akikuuliza, "Hujachanja kuku bado?" nawe hujachanja, waweza kujibu, "Ndiyo, bado." "Ndiyo" yako yakubali maneno ya muulizaji. Kiingereza hakiendi hivyo. Ukiulizwa, "Have you not vaccinated your hens yet?" nawe ukajibu "Yes," atafahamu kwamba umekwisha chanja. Ataandika hivyo katika karatasi yake, na chanjo itapelekwa kwa jirani. Kideri kikiingia, chaweza kuua karibu kuku wote wasiochanjwa, na "yes" yako haitafufua hata kifaranga kimoja. Jibu lililo salama ni "No, not yet." Lililo salama zaidi ni sentensi nzima: "No, I have not vaccinated them yet."

Hali kadhalika unapoandika ujumbe wa simu kwa mnunuzi. Ukiandika "The mangoes are ready" kabla hayajaiva, ataleta gari bure, na safari nyingine hatakuja. Andika "The mangoes are not ready yet," naye atangoja.

ZOEZI. Tia kwa Kiingereza sentensi hizi, kisha uangalie majibu:

1. Feri haijafika bado.
2. Ng'ombe bado mgonjwa.
3. Umekwisha vuna mihogo, au bado?
4. Tumekwisha pokea mbegu.

MAJIBU:

1. The ferry has not arrived yet.
2. The cow is still sick.
3. Have you harvested the cassava yet?
4. We have already received the seed.

Ukikosa moja, usikate tamaa. Rudia mfano wa maji ya bahari, tena ujaribu pamoja na watoto wako waendao shule. Na barua yako ya Kiingereza ikiwa tayari, isome mara moja zaidi kabla ya kuipeleka, na kila penye "bado" jiulize: je, natazama hali iliyopo, au jambo ninalolingojea?