Je, Wajua? Waajiri wa Ufukwe wa Mweru

Je, wajua kwamba kijana wa bonde la Luapula aliyeandikishwa kwenda migodi ya Katanga, Kongo, enzi za ukoloni hakukabidhiwa mshahara wote kulekule? Sehemu iliwekwa mpaka arudi kwao. Wakala aliyemwandikisha alijua hesabu yake: mwenye chake nyumbani hurudi, na akitua kijijini na blanketi jipya begani, tangazo la kazi limekwisha kutolewa.

Je, wajua wakala huyo alikuwa nani? Kampuni ya Robert Williams, Mskoti, ilikusanya vibarua wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kwa ajili ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Katanga iliyoanzishwa 1906. Kazi hiyo ilikoma 1931. Msaidizi wake mkubwa hakuandikwa popote: kodi, iliyodaiwa kwa fedha taslimu kwa watu ambao mali yao ilikuwa samaki na mihogo.

Je, wajua kwamba mwaka 1936 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba Na. 50, uliokataza machifu kuwa mawakala wa kuandikisha vibarua? Haki kabisa. Chifu akikwambia "nenda", utamjibu nini?

Je, wajua kwamba siku hizi sheria ya ajira ya Zambia, ya 2019, inampa mwajiriwa mpya muda wa majaribio usiozidi miezi 3?

Je, wajua kwamba Zambia iliajiri walimu 30,496 kwa mkupuo mmoja mwaka 2022? Waombaji walipeleka bahasha zao kwa mkono kwenye ofisi za elimu za wilaya. Afisa ajira wa Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru, ana mtihani wa ziada: wilaya yake ina visiwa. Cheti kizuri hakisemi kama mwalimu ataweza kuishi mahali ambapo chaki, unga na mshahara vyote vinahitaji boti. Halafu kuna majina: Kilwa ni kisiwa cha Zambia humu ziwani, na Kilwa ni mji wa Kongo ng'ambo ya maji.

Je, wajua kwamba usaili mgumu kuliko wote hufanyika mchangani? Uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari; Machi ikikaribia, wenye mitumbwi husaka mabaharia. Pale ufukweni Kashikishi nilimwona mzee mmoja akimtupia kijana kipande cha wavu wa chisense, dagaa wa huku, wanaovuliwa usiku kwa taa. Wavu umejisokota. Hakumuuliza neno. Alitazama vidole tu: anavuta kwa pupa, au anatafuta fundo? Kijana alitafuta fundo.

"Waogelea?"

"Naogelea, mzee."

"Na hapa umefikia kwa nani?"

Kijana akataja nyumba moja karibu na soko. Mzee akamwita mjukuu, akamtuma akaulize.