Pampu ya Kisima Ilibuniwa kwa Ajili ya Nani?

Katika mitaa ya Juba kama Hai Mauna (hai ni mtaa kwa lugha ya huko), maji ya nyumbani huja kwa njia mbili kubwa: ama hununuliwa kwenye malori ya tenki, ama huchotwa kwenye kisima kirefu chenye pampu ya mkono. Pampu ikifa, wakina mama hutembea mbali zaidi na madumu yao, na mwenye mshahara mdogo humlipa mwenye lori. Kwa hiyo jinsi pampu ilivyobuniwa ni jambo linaloingia moja kwa moja mfukoni mwa mfanyakazi, ingawa waliochora pampu hiyo hawajapata kumwona.

Pampu iliyoenea zaidi Sudan Kusini huitwa India Mark II. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ukame uliikumba India, na shirika la UNICEF likasaidia kuchimba visima kwenye ardhi ya miamba. Juu ya visima hivyo ziliwekwa pampu za chuma cha kalibu zilizoigwa kutoka mashamba ya Ulaya na Marekani. Kule pampu moja ilihudumia jamaa moja, ndoo chache kwa siku. Huku iliwekwa katikati ya kijiji, ikavutwa na mamia ya watu tangu alfajiri hadi usiku. Uchunguzi wa mwaka 1974 ulionyesha kwamba katika kila pampu nne, kama tatu hivi zilikuwa hazifanyi kazi.

Ni rahisi hapo kusema kwamba mtumiaji hajui kutunza mtambo. Sisi tulio viwandani na mashambani tumekwisha kuyasikia sana maneno hayo kila mashine inapokwama. Lakini kosa lilikuwa mwanzoni kabisa, kwenye swali la kwanza ambalo kila mbunifu hana budi kujiuliza: kitu hiki kitatumiwa na nani, mara ngapi, na katika hali gani? Swali hilo likijibiwa vibaya, hesabu zote zinazofuata zinaweza kuwa sahihi na mashine bado ikavunjika.

Waliolijibu upya walikuwa karibu na visima. Katika jimbo la Maharashtra, mafundi wa misheni walianza kuunda pampu za chuma cha kuunga, na pampu ya Sholapur ndiyo iliyochukuliwa kuwa msingi. Wahandisi wakaichora tena, wakatengeneza chache, wakazifunga kwenye visima vyenye watu wengi karibu na Coimbatore, kisha wakangoja zivunjike. Kilichovunjika kilibadilishwa kwenye mchoro. Huo ndio ubunifu wa kihandisi wenyewe: kuchora, kutengeneza, kuacha watu watumie, kurudi mezani. Kazi haiendi kwa mstari ulionyooka, huzunguka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 pampu mpya ilikuwa ikitolewa kwa wingi na kiwanda cha Richardson & Cruddas, Madras, na ikawekewa vipimo vya taifa ili viwanda vingine navyo viitengeneze bila kubahatisha.

Ilikuwa imara kweli. Lakini ilikuwa na tatizo la namna nyingine. Chini kabisa ndani ya kisima mna pistoni yenye washa ya kikombe, na washa hiyo huchakaa. Katika Mark II, kuifikia ni lazima kung'oa mabomba yote ya kupandishia maji. Kisima chenye mabomba ya mita 30 kina mabomba kumi ya chuma ya mita tatu tatu, mazito, yakiwa pamoja na fito zake ndani. Kazi hiyo yahitaji fundi aliyefunzwa, vifaa vizito, na mara nyingi gari. Basi washa ndogo ya mpira huweza kuzuia maji ya mtaa mzima kwa majuma, kwa sababu gari la fundi liko wilaya nyingine.

Jibu la tatizo hilo lilitafutwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Tangu mwaka 1983, katika wilaya ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, serikali pamoja na Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa zilijaribu pampu visimani. Kutoka Malawi kilikuja kichwa cha pampu kilichokwisha kuanza kutengenezwa huko, na kutokana na kazi ya Malawi na Kwale ikazaliwa pampu iitwayo Afridev. Safari hii sharti liliandikwa kabla ya mchoro: wanakijiji waweze kuitengeneza wenyewe. Mabomba yakawa ya plastiki, beringi za plastiki zinazobanwa kwa mkono, fito zikaunganishwa kwa ndoano, na spana moja ikatosha. Pistoni huvutwa juu na mabomba yakabaki kisimani.

Shirika la KWAHO lilipeleka kazi kwa wanawake, maana wao ndio wachotaji. Walifunzwa ufundi wa pampu, wakaingia kwenye kamati za visima, na kamati zikafungua akaunti za benki kwa ajili ya vipuri. Spana ilipobadilisha mikono, na mamlaka juu ya kisima yalibadilika pia. Mwanamke aliyezoea kuambiwa angoje fundi akawa ndiye fundi, na ndiye mwenye kuulizwa fedha ziko wapi.

Isidhaniwe kwamba Afridev ndiyo dawa ya kila kisima. Kwenye visima virefu sana haifai. India nayo ilitoa Mark III, ambayo pistoni yake hutoka bila kung'oa mabomba, ila mabomba yake ni mapana zaidi, hivyo mazito na ghali. Tena nchi ikishajaa pampu za aina moja, vipuri vya aina hiyo ndivyo vitakavyokuwa madukani, na mfadhili akileta pampu ngeni, nzuri namna gani, huenda ikafa kwa kukosa washa moja. Kwa hiyo kamati ya mtaa ikiulizwa inataka pampu gani, ianze kwa kuuliza washa yake inauzwa duka gani mjini, kwa bei gani, na ni nani katika mtaa atakayefundishwa kuibadilisha kabla wafungaji hawajaondoka.