Kuvu kwa Kuvu: Mahindi Hulindwa Shambani, Si Sokoni



Safari hii tunaanzia Soko la Toi, lile lililo kati ya Kibera na barabara ya Ngong. Wengi wanalijua kwa mitumba, lakini nafaka pia zinauzwa pale kwa gorogoro: mahindi, maharagwe, njugu. Mteja wa Kibera au Kawangware akifika, huchota mahindi kwa mkono, anayatazama, anayanusa, pengine anatafuna punje moja kusikia kama imekauka. Akiona ukungu wa kijani anakwenda kwa jirani. Ni desturi nzuri, wala hatuidharau. Shida ni kwamba sumu tunayotaka kuzungumzia leo haionekani kwa macho wala haisikiki puani. Punje yaweza kuwa safi kabisa kwa nje na bado ikawa nayo.

Sumu hiyo ni aflatoksini. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita sumukuvu, na kwetu sisi hilo ndilo jina bora maana linajieleza lenyewe. Inatengenezwa na kuvu inayoishi udongoni, nayo hupanda kwenye mahindi na njugu zikiwa bado shambani, hasa jua likikaza na mmea ukikosa maji. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mahindi yanaharibikia ghalani peke yake. Mara nyingi huingia ghalani yakiwa tayari na mbegu ya uharibifu, na unyevu wa ghalani unamalizia kazi.

Wazee wa Ukambani hawahitaji kuelezwa sana. Mwaka 1981 watu 12 walikufa Machakos. Mwaka 2004 mambo yakawa mabaya zaidi: watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi waliyoyalima wenyewe au kuyanunua karibu na nyumbani. Macho yaligeuka manjano, tumbo na miguu ikavimba, ini likashindwa kazi. Tanzania nayo ilizika watu wake mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kila siku haanguki, lakini ini lake liko katika hatari ya saratani, zaidi kama ana ugonjwa wa homa ya ini aina ya B. Na mjini kila siku ni ugali na uji. Watafiti waliopima vyakula vya watoto wadogo wa Korogocho na Dagoretti, ambako Kawangware iko, waliikuta sumu hii katika vyakula hivyo. Mama wa Kawangware hana shamba la kusimamia. Anategemea vile sisi tulivyosimamia letu.

Sasa tuje kwenye dawa. Katika vikundi vingi swali ni lile lile: je, hakuna dawa ya asili, isiyo na kemikali kali? Wengine wanataja majivu, wengine mwarobaini. Majivu na majani ya mwarobaini yanasaidia kupunguza wadudu ghalani, na hilo si jambo dogo, kwa sababu fukusi akitoboa punje anafungulia kuvu mlango. Huko maabarani maji ya mwarobaini yameonekana pia kupunguza nguvu ya kuvu yenyewe. Lakini maabara si gunia. Sumu ikishaingia katika punje, hakuna jani litakaloitoa. Hata kuchemsha hakusaidii; moto wa sufuria hauivunji. Muthokoi una afadhali kidogo, kwa maana ganda likitoka sehemu ya sumu hutoka nalo, ila nyingine inabaki.

Dawa ya asili iliyothibitika ni kuvu yenyewe. Msishangae! Si kila kuvu ya jamii hii inatengeneza sumu. Zipo zilizozaliwa bila uwezo huo, nazo zinaishi katika udongo wetu huu huu wa Kenya. Wataalamu wa taasisi ya IITA ya Ibadan, Nigeria, pamoja na Idara ya Kilimo ya Marekani na KALRO ya hapa kwetu, walizitafuta wakachagua aina nne za humu nchini. Wakazipaka juu ya punje za mtama uliokaangwa ili usiote. Dawa hiyo inaitwa Aflasafe KE01, na inatengenezwa Katumani, Machakos.

Inafanyaje kazi? Fikiria matatu iliyojaa abiria tangu stendi. Anayekuja nyuma anakuta hakuna kiti. Mtama ukimwagwa kwenye udongo wenye unyevu, ile kuvu njema inaula, inazaa, inasambaa shamba zima na kukaa kwenye mahindi kabla mbaya hajafika. Katika majaribio ya mashambani sumu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 mara nyingi.

Ila ina masharti yake, na hapa ndipo watu hupoteza pesa. Kipimo ni kilo 4 kwa ekari moja, inarushwa kwa mkono wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa maua. Palilieni kwanza, ndipo mmwage. Ukipalilia baadaye unaifukia. Udongo uwe umelowa. Msimwage kwenye vumbi mkingoje mvua. Kuku na ndege wanapenda mtama, kwa hiyo kuku wafungiwe siku hizo, na mfuko uwekwe mbali na watoto. Tena kuvu haijui mpaka wa shamba: majirani wakimwaga pamoja, faida inakuwa kubwa kwa wote. Hii ni kazi ya kikundi hasa, kuanzia kununua mpaka kurusha.

Baada ya kuvuna, kukausha kuko pale pale. Anikeni juu ya turubai, si juu ya udongo. Chukueni chupa kavu, mtie chumvi kavu na konzi ya mahindi, mtikise, mwache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Isipoganda, ongezeni hata hivyo jua la siku moja au mbili, maana sheria inataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na chumvi haipimi kwa undani huo.

Kuhusu sumu yenyewe, kipimo cha Kenya ni sehemu 10 katika bilioni. Katika gunia la kilo 90 hiyo ni chini ya miligramu moja! Machi 2021 serikali ilisimamisha kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hii hii, na yaliporuhusiwa tena yakatakiwa cheti cha kupimwa. Mwenye kibanda Toi hana mtaji wa kubeba gunia lililokataliwa. Soko lile liliwahi kuteketea lote katika vurugu za 2007/2008, na wengi walianza upya na gorogoro chache.

Na yale yaliyooza? Tunajua yanakoenda: kwa kuku, kwa ng'ombe, au kwenye busaa. Kuku hudhoofika, ng'ombe hupitisha sumu hadi kwenye maziwa, na pombe haiiondoi. Yachimbieni shimo.

Anayetaka dawa aulize kwa afisa wa kilimo wa wadi au KALRO Katumani, na aulize mapema, kabla ya kupanda. Mahindi yakishatoa maua, msinunue tena kwa msimu huo.